Timu Ikishuka, Nani Anabaki Nayo?

Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 2025, saa kumi na moja kasoro jioni, babu aliniomba nimpeleke banda umiza. Babu yangu ana miaka sabini na kitu, ni mstaafu wa reli, na sijawahi kumwona akitoa mia tano yake kwenda kuangalia mpira wa Ulaya. Mpira wake ni redio. Nikamuuliza, "Babu, leo kuna nini?" Akanijibu kama vile swali lenyewe la kijinga: "Leo Sunderland wanacheza, mwalimu."

(Tangu nianze kusoma ualimu haniiti jina tena. Mwalimu tu.)

Wadogo zangu walicheka sana. Na mimi nilicheka, halafu nikakumbuka. Simba ilianza mwaka 1936 ikiitwa Queens, baadaye ikawa Eagles, baadaye Sunderland, na ni Sunderland hiyo ya Dar es Salaam iliyochukua ubingwa wa kwanza wa ligi yetu ya taifa mwaka 1965. Jina la Simba limekuja 1971. Babu alikuwa ameshaipenda kabla ya hapo. Kwa hiyo Waingereza waliporudi Ligi Kuu ya kwao baada ya miaka minane, mzee wa Gongoni aliona ndugu zake wamerudi nyumbani.

Bandani televisheni kubwa ilikuwa na Tottenham na Burnley, na vijana wenye mikeka yao hawakutaka kusikia habari nyingine. Tukaomba ile ndogo ya pembeni. Tukakaa mimi, babu, na jamaa mmoja aliyekuwa amelala. Kipindi cha kwanza hakuna kitu. Kipindi cha pili Sunderland wakaanza kufunga: moja, mbili, tatu. West Ham wakala tatu bila, na babu akawa anapiga magoti yake kwa viganja kama mtu wa miaka kumi na miwili.

Wakati tunarudi akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii. "Hawa Sunderland walipotea miaka yote hiyo. Walikuwa wapi?" Nikamwambia walishuka daraja, babu. Walishuka 2017, wakashuka tena 2018, wakaenda kukaa daraja la tatu miaka minne. Akanyamaza kidogo, tukapita pale kwenye miembe, halafu akasema: "Sasa mbona Milambo ilishuka na haikurudi?"

Wanachuo wenzangu, mimi sikuwa na jibu. Nimelitafuta kwa miezi kadhaa, na nililolipata siyo lile nililokuwa nalitegemea.

Tuanze na hao waliofungwa siku ile. West Ham siyo timu ndogo. Watu watatu waliokuwa mhimili wa Uingereza ilipochukua Kombe la Dunia 1966, yaani Bobby Moore, Geoff Hurst na Martin Peters, wote walikuwa wa West Ham. Juni 2023 walibeba kombe la Ulaya, lile la Conference League, kwa kuifunga Fiorentina. Miaka miwili tu baadaye, msimu huu, kocha wao Graham Potter alitimuliwa Septemba, na Krismasi ikawakuta kwenye nafasi ya 18 kati ya timu 20, yaani ndani ya mstari wa kushuka. Wenzetu hapa hosteli wanaoshabikia timu hiyo (wapo wawili, nawajua kwa huzuni yao) wanaongea kama watu wenye mgonjwa wodini.

Lakini angalia West Ham ilivyozaliwa. Mwaka 1895 ilikuwa timu ya kiwanda cha kutengeneza meli, Thames Ironworks, pale mashariki ya London. Wachezaji walikuwa wafanyakazi. Ndiyo maana nembo yao ina nyundo. Kiwanda kilifungwa 1912. Soma tena mwaka huo: kiwanda kimekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na timu bado ipo, inashuka, inapanda, inatukanwa na mashabiki wake kila wiki. Na Sunderland? Ilianzishwa 1879 na walimu. Kweli kabisa, walimu wa shule, na mwanzoni ilikuwa ya walimu peke yao. Mwaka uliofuata wakafungua mlango kwa watu wengine. Babu nilipomwambia hilo alinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata hata siku ya matokeo ya kidato cha sita.

Sasa njoo nyumbani. Tanzania tulikuwa na timu za kiwanda, za mashirika na za vyama vya ushirika kuliko unavyodhani. RTC Kagera. Reli ya Morogoro, ile waliyoiita Kiboko ya Vigogo. CDA Dodoma. Ushirika ya Moshi. Mecco ya Mbeya. Sigara na Pilsner za Dar es Salaam. Pamba ya Mwanza. Wazee wakianza kutaja majina haya macho yanabadilika. Shirika lilikuwa linampa mchezaji ajira, nyumba, usafiri na jezi. Miaka ya tisini mashirika yalipoanza kubinafsishwa na mengine kufa, timu zilikufa nayo, au zikabaki mifupa. Pamba ilishuka 2001 na ikakaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka ishirini, mpaka Jiji la Mwanza lilipoibeba na kuirudisha 2024 kama Pamba Jiji.

Kiwanda cha London kilikufa timu ikabaki. Shirika la Tanzania lilikufa timu ikaondoka nalo. Kwa nini?

Jibu la haraka, lile la kijiweni, ni hela. Eti wenzetu wana hela za televisheni. Sikatai. Timu ikishuka kutoka Ligi Kuu ya Uingereza inaendelea kupewa fungu kwa miaka kadhaa ili isianguke vibaya. Lakini hela haielezi kila kitu. Tarehe 26 Desemba 2018 Sunderland walicheza na Bradford kwenye daraja la tatu, daraja la tatu jamani, na uwanjani wakaingia watu 46,039. Hakuna aliyewalipa waende. Walikwenda kuangalia timu yao ikiwa mavumbini.

Jibu la pili ni umiliki: timu iwe ya wananchi. Hili ndilo nililokuwa naliamini mimi, na nilishaanza kuandika makala nzima juu yake. Ikaniharibikia nilipogundua kwamba West Ham na Sunderland zote zina matajiri wanaozimiliki. Kwenye karatasi mashabiki wa West Ham hawana timu. Walihamishwa uwanja wao wa zamani wa Upton Park mwaka 2016, wengi wakiwa na kinyongo mpaka leo. Kwa hiyo siyo karatasi peke yake.

Kilichobaki kwenye mikono ya mashabiki ni kitu kingine: tajiri anaweza kununua hisa, uwanja, hata kocha, lakini akigusa jina na mahali, watu wanasimama. Kuna mfano mmoja ambao nadhani kila mtu wa Tabora angepaswa kuujua. Mwaka 2002 wamiliki wa Wimbledon, timu ya kusini ya London iliyowahi kubeba Kombe la FA 1988, waliruhusiwa kuihamishia mji mwingine kabisa, Milton Keynes. Mashabiki walifanya nini? Waliitisha majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi, wakaunda timu mpya, AFC Wimbledon, wakaanzia daraja la tisa. La tisa! Mwaka 2011 walikuwa wamesharudi kwenye ligi za kulipwa, na 2020 wakarudi kwenye mtaa wao wa Plough Lane. Timu ni ya mashabiki mpaka leo.

Sasa hapa ndipo panapouma, maana kwenye hadithi hiyo sisi watu wa Tabora siyo Wimbledon. Sisi ni Milton Keynes.

Timu tuliyokuwa tunaiita Tabora United haikuzaliwa Tabora. Ilikuwa inaitwa Kitayosce na ilianzia Kilimanjaro. Ikaletwa huku, ikapanda Ligi Kuu 2023, na mechi yake ya kwanza kule Chamazi dhidi ya Azam, Agosti 2023, ikawa kituko cha taifa: wachezaji wengi vibali vyao vilikuwa havijakamilika, timu ikaanza na watu wanane, wawili wakaumia, mechi ikavunjika dakika za mwanzo tu Azam akiwa anaongoza nne bila. Nilikuwa mwaka wa kwanza kipindi hicho. Chuoni walinitania wiki nzima. Baadaye ikaitwa Tabora United, ikamaliza msimu ikichungulia kaburi, na Juni 2024 ikajiokoa kwenye mchujo mbele ya Biashara United ya Mara. Halafu msimu uliofuata, Novemba 7, 2024, wakaenda Dar es Salaam wakampiga Yanga tatu kwa moja. Nadhani Gongoni haikulala usiku ule. Wakamaliza nafasi ya tano.

Na kilichofuata siyo kushuka daraja. Kilichofuata ni kwamba mwaka 2025 timu ilibadilika jina na kuwa TRA United. Tabora ikatoka kwenye jina. Na sisi tulifanya nini? Tulibadilisha jina kwenye makundi ya WhatsApp, tukaendelea na maisha. Sijasikia mtu hata mmoja aliyeuliza kama kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na Mamlaka ya Mapato. Timu ya Ligi Kuu inakula hela nyingi, na anayeleta hela anayo haki ya kuweka jina lake. Labda mishahara italipwa kwa wakati, na hilo siyo jambo dogo kwa kijana anayecheza mpira ili alishe wazazi. Hoja yangu ni kwamba jina lilipoondoka hapakuwa na mtu wa kulidai, kwa sababu hapakuwa na chama, hapakuwa na daftari la wanachama, hapakuwa na katiba hata ya kurasa mbili. Kulikuwa na sisi tu, tunapiga kelele.

Mji wetu una historia na jambo hili. Karne ya kumi na tisa pembe za ndovu zilipita Unyanyembe kwenda pwani mabegani mwa Wanyamwezi. Wapagazi wetu walisifika kote, na sifa ilikuwa ya kweli, lakini pembe haikuwa yao. Timu nazo zinapita hivyo hivyo. Rhino Rangers, timu ya wanajeshi, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, ikashuka msimu huo huo pamoja na Ashanti United na JKT Oljoro. Kabla yao Milambo, miaka ya tisini, timu iliyobeba jina la Mtemi wa Urambo, yule aliyeifunga njia ya misafara mwaka 1871 mpaka wafanyabiashara wa Tabora wakachanganyikiwa. Mtemi aliwafunga, timu yake ikafungwa. (Utani huo ni wa babu, siyo wangu.)

Nije kwenye sehemu ambayo sipendi kuiandika. Tarehe 2 Februari 2025 Simba walikuja Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi kucheza na Tabora United. Nilikuwepo. Nilikuwa nimevaa nyekundu. Simba wakashinda tatu bila na mimi nikaruka mara tatu, kwenye uwanja wa mji wangu, wachezaji wa mji wangu wakiwa wameinamisha vichwa. Na sikuwa peke yangu, jukwaa letu zima lilikuwa jekundu. Aprili wakaja Yanga, wakashinda tatu bila vilevile, na safari hiyo jukwaa likawa la njano na kijani. Nilirudi nyumbani siku ile ya Simba nikiwa na furaha zangu, nikamkuta babu, shabiki wa Simba tangu Sunderland, amenuna. Nikamuuliza kulikoni, si tumeshinda? Akasema: "Sisi zamani Simba wakija hapa, mimi ni Milambo. Wakipanda treni kuondoka, mimi ni Simba."

Basi ndiyo hivyo. Nilikuwa natafuta aliyeiua timu ya Tabora kwa viongozi, kwa wafadhili, kwa shirikisho, na mmoja wao alikuwa amevaa jezi niliyoinunua kwa hela ya bumu.

Mtu atasema: acha ndoto, mikoani haiwezekani, nchi hii ni ya Simba na Yanga. Tazama Tanga. Mwaka 2016 mkoa ule ulipoteza timu tatu kwa mpigo. Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zote zilishuka msimu mmoja. Kwa hesabu za kawaida mpira wa Tanga ulikuwa umezikwa. Coastal, klabu ya mwaka 1948 na bingwa wa 1988, ikarudi 2018, na msimu wa 2023/24 ikashika nafasi ya nne na kwenda michuano ya Afrika. Siyo kwamba Coastal ina hela. Ina njaa kama wengine, na migogoro yake tunaisoma. Ila ina watu wanaogombana kwa sababu yake, tangu mababu zao, na timu yenye watu wa kuigombania ni vigumu kuizika. African Sports hawajarudi Ligi Kuu, ni kweli. Lakini jina lao lipo, na wazee wao wapo. Linganisha na Mseto ya Morogoro, bingwa wa 1975, au Tukuyu Stars, bingwa wa 1986. Muulize mdogo wako wa kidato cha pili kama amewahi kuyasikia majina hayo.

Kwa hiyo nasema nini? Nasema kwamba tunapoangalia West Ham ikiyumba na tukaumia, hatukosei. Mpira ni mpira, na mtu anaumia pale moyo wake ulipo. Lakini West Ham ikishuka Mei, Agosti itakuwa inacheza kwa jina lile lile, mtaa ule ule, na watu wale wale watapanga foleni. TRA United ikishuka siku moja, au mwenye timu akiona hapa ni mbali akaihamisha, Tabora tutabaki na nini? Hilo ndilo swali la babu, nimelibadilisha maneno tu.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana. Kwanza, tuwe na umoja wa mashabiki wa mpira wa Tabora wenye katiba na daftari la wanachama, tukausajili rasmi kwa msajili wa vyama vya michezo. Usiwe umoja wa TRA United wala wa timu yoyote. Uwe wa mji. Timu iliyopo Ligi Kuu tutaishangilia, ikiondoka umoja unabaki, na ukibaki siku moja unaweza kuanzisha timu yake wilayani, chini kabisa, kama wale wa Wimbledon. Ada iwe elfu moja kwa mwezi. Najua hali zetu, najua wiki ya mwisho kabla bumu halijatoka tunaishi vipi. Lakini elfu moja ni mechi mbili za banda umiza. Wanachuo mia tatu tu ni laki tatu kwa mwezi, na laki tatu inanunua mipira na jezi za vijana wa kata.

Pili, sisi wa elimu. Mwaka huu wengi wetu tunakwenda mazoezi ya kufundisha kwenye shule za huku huku, na huko tunakabidhiwa michezo kwa sababu walimu wenyeji wamechoka. UMISSETA inapita kila mwaka, watoto wanang'aa, wanarudi darasani, hakuna anayeandika jina. Andika jina. Waliokuwa walimu wa Sunderland mwaka 1879 hawakuwa na zaidi ya tulicho nacho.

Tatu, na hili nimeshalianza. Historia ya Milambo imekaa vichwani mwa wazee, na wazee hawakai. Wenzetu wa mwaka wa tatu wanaohangaika kutafuta mada ya utafiti, hii hapa, tena bila kwenda mbali. Nilimwomba babu anitajie kikosi. Alianza na kipa, akaja mabeki, akakwama kwenye namba sita, akasema subiri, akaenda kumwita mwenzake wa nyumba ya tatu. Yule naye akaja na jina tofauti. Walibishana mpaka adhana ya magharibi.

Namba sita mpaka leo hatujampata. Jumamosi hii saa tisa alasiri wanakuja wazee wengine wawili, kwa babu, chini ya mwembe. Anayetaka kuja anitafute darasani, aje na daftari.